Gari la Safari Ndefu

Ukifua mashuka ya watu kwa miaka, huwezi tena kuwaheshimu. Hayo yalikuwa maneno ya dobi wa nyumba ya wageni iliyo nyuma ya kituo cha mabasi, na aliyasema huku mikono imezama hadi viwikoni katika beseni lenye shuka la mheshimiwa fulani aliyelala na viatu. Wageni waliingia wamevaa tai, wakamwita “we mama” bila kumtazama usoni, na asubuhi yake akakutana na ukweli wao wote kwenye maji ya sabuni. Huyu kajifuta mchuzi kwa foronya, yule kang'arisha viatu kwa taulo, na yule aliyejitia mcha Mungu kaacha rangi ya mdomo ya mtu mwingine pembeni mwa mto. Dobi aliwadharau kwa zamu, kila mmoja kwa doa lake, na dharau hiyo ilimsaidia kazi iende.

Lakini dharau iliyo safi, ile aliyoipiga pasi na kuikunja vizuri, aliiweka kwa ajili ya mume wake.

Mume wake alikuwa kinyozi. Kunyoa alijua, hilo hata mkewe hakumnyima. Alikuwa na kibanda cha mbao chenye kioo kimoja kilichopasuka kona, na wateja walimwita Bosi. Walimwita hivyo kwa kumcheka, maana alikuwa na tabia ya kunyoa huku amepandisha kidevu utadhani yeye ndiye anayenyolewa. Naye jina hilo alilipokea kama mtu anayerudishiwa kilicho chake. Zaidi ya hayo, Bosi alikuwa na gari.

Tuseme ukweli mapema, kwa kuwa msomaji si jirani na hana sababu ya kudanganywa. Gari hilo halikuwa na injini. Kaka yake Bosi, alipohama, alimwachia bodi baada ya kuuza kila kitu kilichokubali kufunguka kwa spana. Lililetwa jioni moja likivutwa kwa kamba, giza likiwa limeshaingia, likasukumwa hadi ubavuni mwa nyumba yao ya vyumba viwili na kufunikwa turubai. Kila mwisho wa wiki Bosi alilivua lile turubai mbele ya mtaa mzima, akaliosha gari kwa shampuu ya kibandani, akayapaka matairi dawa ya viatu, kisha akaingia, akafunga mlango na kukaa nyuma ya usukani akisikiliza redio ya betri. Mkono mmoja aliutoa nje ya dirisha. Aliyepita akauliza mbona gari halitoki alipewa jibu lililokwisha kaa tayari.

“Hili ni gari la safari ndefu. Si la kukimbizana na pikipiki hapa mjini.”

Au, akiwa amechangamka zaidi: “Mafuta ya siku hizi yamejaa maji. Niiue injini yangu kwa sababu ya kwenda sokoni?”

Injini yake ilikuwa kuku. Kuku mweusi wa dobi alikuwa amegundua tundu la kupenyea kutoka chini, akajifanyia kiota palepale injini ilipopaswa kukaa, na dobi alizoea kupiga magoti kila asubuhi na kuingiza mkono chini ya bampa kutoa mayai. Boneti ilifungwa kwa waya kwa ndani ya grili, na Bosi alihakikisha mwenyewe kwamba hakuna anayeugusa.

Watu walimwamini, na kwa kumwamini walimchukia. Kuna siku jirani yao wa mlango wa pili, muuza mkaa, alishikwa na uchungu wa kujifungua, na mumewe akaja mbio kuomba gari. Bosi alisema ufunguo uko kwa makanika. Mwanamke yule alipelekwa hospitali juu ya mkokoteni wa kubebea maji, na mtoto hakusubiri wafike. Alizaliwa njiani, akapona, wakapona wote, lakini tangu siku hiyo mtaa mzima ulimwita Bosi mkono wa birika, mchoyo asiye na utu. Bosi alivumilia. Alikubali kuitwa mchoyo, alikubali kuitwa mnyama. Kuitwa hana, hilo ndilo alilolikataa. Dobi siku ile alisimama mlangoni, anajua kila kitu, akafunga mdomo wake. Alimdharau mumewe sana kwa jambo hilo, na dharau kidogo akajibakizia mwenyewe.

Sasa, walikuwa na binti mmoja tu, na binti huyo akafaulu kwenda sekondari.

Shule yenyewe ilikuwa ng'ambo ya machimbo ya kokoto, kwenye barabara ya malori, mahali ambapo mtu anayetembea kwa miguu hufika akiwa mweupe kwa vumbi kama aliyetoka kusaga unga. Binti aliondoka alfajiri, akatembea kwa kukimbia, na bado mara nyingi alikuta geti limefungwa. Mlinzi wa geti alikuwa mmoja wa wale watu waliopewa ufunguo mmoja maishani wakaamua kuutumia vizuri. Kengele ikilia hafungui, hata mtoto alie. Kwa hiyo binti alirudi njia ileile, na kwa kuwa nyumbani hakuna mtu, alikwenda nyuma ya nyumba ya wageni kumsaidia mama yake kukamua mashuka. Mama huku, binti kule, wanasokota shuka katikati yao mpaka maji yaishe.

Siku moja dobi aliitazama mikono ya mwanawe kwenye lile shuka. Ngozi ya vidoleni ilikuwa imeanza kukunjamana na kuwa nyeupe, mikono ileile aliyokuwa nayo yeye, ila midogo.

“Weka chini,” alimwambia. “Sikukuzaa uje kunikamulia mashuka.”

“Nisipokusaidia nitafanya nini hapa, mama?”

“Kaa. Soma. Hesabu nzi. Shuka usilishike.”

Mwalimu mkuu alimwita dobi. Hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na wanafunzi wengi na uvumilivu mdogo. “Mama,” alisema, “nafasi ya binti yako wapo wanaoililia. Akiendelea hivi mpaka mwisho wa muhula, nitampa mwingine. Nendeni ofisi ya elimu mkaombe basi.”

Basi lilikuwepo kweli. Lilikuwa la ofisi ya elimu, lilipita mwanzo wa mtaa wao kila asubuhi, na liliwachukua bure watoto wanaokaa mbali ambao nyumbani kwao hakuna usafiri. Dobi alikuwa akiliona siku zote akienda kazini, na siku zote alikuwa akiwacheka kimoyomoyo wazazi waliopeleka watoto wao pale, wenye mikono iliyozoea kukinga. Sasa alimeza mate machungu, akaomba ruhusa kazini na kuvaa gauni la kutokea. Ofisi ilitaka mkuu wa kaya azungumze mwenyewe, kwa hiyo ilibidi Bosi aende naye, na Bosi alivaa koti.

Ofisi ya elimu ilikuwa na dirisha dogo la kuzungumzia, nalo liliwekwa chini, usawa wa tumbo, ili kila anayeomba lazima ainame. Aliyelijenga alijua anachofanya. Ndani alikaa karani mwenye kikombe cha chai kisichoisha, na alikuwa na kipaji cha kuuliza mambo ya ndani ya watu kwa sauti ya mnadani. Foleni ilifika nje. Nyuma ya Bosi na mkewe alisimama muuza mkaa, amekuja kwa ajili ya mwanawe mkubwa, na nyuma yake kulikuwa na nyuso ambazo Bosi alizinyoa kila wiki.

“Mnakaa mbali na shule?” karani aliuliza.

“Mbali,” alisema Bosi, ameinama nusu tu, kwa ajili ya koti.

“Mtoto anaumwa?”

“Hapana.”

“Kaya ina gari?”

Foleni nzima ilisogea isikie. Dobi alimfinya mumewe kiunoni, akaizungusha nyama vizuri kati ya vidole ili ujumbe ufike. Bosi alijinyoosha. Kidevu kikapanda.

“Lipo,” alisema.

“Linatembea?”

“Kwa nini lisitembee? Ni gari la safari ndefu.”

Karani aliweka kikombe chini, akamtazama kwa mara ya kwanza. “Sasa mzee, wewe una gari, umekuja kugombania basi na watu wasio nacho? Mpeleke mtoto na gari lako. Anayefuata.”

Muuza mkaa alisonya, msonyo mrefu wa mtu aliyeuandaa kwa miaka. Bosi alitoka nje akitembea taratibu, anawapa watu nafasi ya kumwona.

Njiani dobi alitangulia mbele. Alisubiri mpaka wakaingia ndani na mlango ukafungwa, ndipo akampa vidonge vyake.

“Umeiuza shule ya mwanangu kwa ajili ya bati.”

“Ulitaka niseme nini mbele za watu?”

“Useme huna. Neno fupi. Hata mtoto anayejifunza kusema analiweza.”

“Mimi?” alisema Bosi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeambiwa avue nguo sokoni. “Wale nawanyoa. Kesho nitawashikaje vichwa?” Kisha, baada ya kukaa kitandani na kukunja koti lake kwa uangalifu: “Na kuna mtu ameniahidi injini.”

“Nani? Yule aliyekuahidi feni?”

Bosi alijilaza. Alikuwa mtu wa kuishi kwa ahadi, na ahadi zilimtosha. Dobi alimtazama akilala, koti limekunjwa vizuri kuliko maisha yao yote, akaona kwamba akimsubiri huyu, mwanawe atakamua mashuka mpaka azeeke.

Akarudi ofisini peke yake. Karani alimkumbuka.

“Mumeo kasema lipo. Nimwamini nani, mwenye gari au mwenye beseni?”

“Njooni mlione.”

“Sisi tuna kazi.”

“Naiona hiyo kazi,” alisema dobi, akikitazama kikombe. “Nitakuja tena kesho niitazame.”

Na alikuja. Kila alipopewa nafasi ya kula alikuja, ananuka sabuni, anainama pale dirishani na kuuliza ni lini mkaguzi atatumwa kuliona gari. Hakubembeleza, hakulia. Alisimama tu, akiwatazama wote waliokuwa ndani kama anayetazama mashuka ambayo hayajafuliwa. Karani akasema mama huyu ana kichaa, kisha akasema ana laana, mwishowe akasema aende mtu amwondolee balaa hili.

Mkaguzi alikuja mwisho wa wiki, siku ileile ya kuoshwa gari. Alikuwa kijana mwenye viatu vya kung'aa, aliyekanyaga mtaa wao kwa ncha za vidole. Bosi alikuwa na habari naye. Unaweza kudhani alijificha. Hakujificha. Aliamka mapema, akavua turubai, akasugua gari mpaka likaonyesha sura za watu, akavaa koti na kukaa nyuma ya usukani na redio yake, mkono nje ya dirisha. Majirani walikuja wote, maana hakuna tamasha linalopita bure. Muuza mkaa alisimama mbele, mikono kiunoni. Binti alisimama mlangoni.

“Ndilo hili?” mkaguzi aliuliza. Alilizunguka, akagonga mlango kwa kidole. “Rangi bado nzuri.”

“Linatunzwa,” alisema Bosi.

“Liwashe tusikie.”

“Ufunguo uko kwa makanika.”

“Basi fungua boneti.”

“Boneti ya gari hili haifunguliwi ovyo, kijana. Vumbi.”

Na yule kijana, ambaye alisoma na akapewa kazi ya kukagua, alikubali. Alilitazama vumbi, akavitazama viatu vyake, akaona maneno ya Bosi yana maana. Akatoa kalamu. Akaandika, huku akitamka polepole, kwamba gari lipo na liko katika hali nzuri. Bosi alishusha pumzi. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeokoka. Dobi aliisikia pumzi hiyo na jambo likakatika ndani yake.

Alipita mbele ya mkaguzi, akaingiza mkono kwenye grili, akafungua waya aliokuwa akiupapasa kila asubuhi, na akaiinua boneti kwa mikono miwili mpaka ikasimama.

Kuku alikuwa ameatamia. Alivimba, akapiga kelele, akaruka moja kwa moja kifuani mwa mkaguzi na kumwachia alichomwachia kwenye shati, huku kijana wa watu akirudi nyuma mpaka akakanyaga maji ya shampuu na kukaa chini. Karatasi zikatawanyika. Mahali pa injini palikuwa na majani makavu, matambara ya shuka la nyumba ya wageni na mayai, na chini ya mayai ilionekana ardhi.

Wa kwanza kucheka alikuwa dobi. Alicheka kicheko alichokiweka akiba tangu siku ile ya kamba, akashika tumbo, akashika bampa, machozi yakamtoka.

“Njooni muione injini ya Bosi,” aliwaita watu. “Haitaki mafuta hii. Inataka pumba tu. Sogeeni, msiogope, ni ya safari ndefu.”

Mtaa ukaangua kicheko. Wazee walicheka, wateja wa kibandani walicheka wakaegemeana, watoto wakaanza kuzunguka gari wakilia kama kuku. Bosi hakutoka. Boneti ilikuwa imeinuka mbele ya kioo, kwa hiyo hakumwona mtu yeyote. Aliona bati tu na kusikia. Mikono yake ilishika usukani pande zote mbili, kama mtu anayepita mahali pabaya na gari kweli. Redio iliendelea kutangaza bei za mazao.

Muuza mkaa peke yake hakucheka. Alichungulia lile shimo, akachungulia kwa muda mrefu.

“Kwa hiyo siku ile halikuwa na injini,” alimwambia dobi.

“Halijawahi kuwa nayo.”

“Na wewe ulijua. Ulisimama palepale mlangoni nikipitishwa juu ya mkokoteni.”

Dobi aliendelea kufuta machozi ya kicheko, ingawa kicheko chenyewe kilikuwa kimeshakatika.

“Miaka yote nimemlaani mtu kwa uchoyo,” alisema muuza mkaa. “Bora ungeniambia hana. Ningewahi kwa mwingine.” Akaondoka na kurudi kwenye mkaa wake.

Mkaguzi alifuta alichoandika, akaandika upya bila kutamka, na kabla ya kuondoka alisema binti apande basi kuanzia wiki inayofuata. Dobi aliingia ndani ameshinda. Alitaka kushangilia na mtu. Binti alikuwa ameketi kwenye kigoda, amegeukia ukuta.

“Umepata basi,” mama alimwambia. “Hutakimbia tena na malori.”

“Nimesikia.”

“Sasa unanuna nini? Baba yako ndiye aliyedanganya, si mimi.”

“Baba alidanganya,” alisema binti. “Wewe ulicheka.”

“Nilicheka kwa ajili yako.”

“Hapana, mama. Boneti uliifungua kwa ajili yangu. Kucheka ulicheka kwa raha yako.”

Dobi alichukua bakuli. Akaenda kukusanya mayai yaliyopona.

Siku zilizofuata Bosi alikwenda kibandani kwa njia ya nyuma ya nyumba za watu. Turubai lilibaki chini pale lilipoangukia. Wateja walikuja zaidi kuliko mwanzo, wengine hata nywele hawakuwa nazo, wakakaa kwenye kiti, wakasubiri mashine iwashwe, kisha wakaanza polepole, ko, ko, ko. Bosi aliwanyoa. Nyumbani alikula, akalala. Dobi alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, ana maneno ya kutosha kwa mwezi mzima, na mtu wa kuyapokea hakutokea.

Siku ya basi ikafika. Dobi alimsindikiza binti hadi mwanzo wa mtaa, sare imepigwa pasi ya nyumba ya wageni, pasi ya mheshimiwa. Basi likaja, mlango ukafunguka, binti akaweka mguu kwenye ngazi.

Ilianzia viti vya nyuma. Ko, ko, ko. Mtoto mmoja, kisha watatu, kisha basi zima, wale wa mtaani na wale wasiojua hata wanacheka nini. Kuna aliyepiga mabawa kwa viwiko. Binti alisimama kwenye ngazi, shingo imekakamaa, halafu akashuka.

“Nitatembea,” alisema.

“Panda.”

“Nitatembea, mama.”

Dobi akawageukia wale watoto. Akawaita wasio na adabu, akawaita watoto wa ombaomba, akawaambia baba zao anawajua kwa madoa. Kila alichosema kiliongeza kelele. Dereva, ambaye alikuwa akijizuia asicheke na anashindwa, alimwuliza kama mtoto anapanda au hapandi, kwa kuwa geti la shule halimsubiri mtu. Binti alikuwa ameshaanza kuondoka, begi mgongoni, kuelekea barabara ya malori, na mama yake aliona muhula wote unaondoka naye.

Bosi alitokea upande wa pili wa barabara. Bila shaka alikuwa akiwafuata kwa mbali tangu nyumbani, amevaa joho lake la unyozi lenye nywele za watu. Alivuka, akamshika binti bega, akamrudisha mpaka mlangoni mwa basi, kisha akapanda yeye kwanza. Alisimama juu ya ngazi mbele ya watoto wote, kidevu juu. Kidevu kilekile cha siku zote. Dobi alifumba macho, akajua sasa atawaambia kuna mtu amemwahidi injini.

“Mnakosea,” alisema Bosi.

Aliyekuwa akipiga mabawa akashusha viwiko.

“Kuku ni wangu mimi. Halii hivyo. Mnalia kama bata. Anaanzia chini kooni, halafu anapanda. Sikilizeni.”

Akalia. Alilia kama kuku kwa kifua chake chote, kwa sauti ileile aliyosemea “lipo” mbele ya dirisha la karani, akapanda, akashuka, akamalizia kwa kutikisa joho mpaka nywele za watu zikaruka. Watoto walipasuka. Walicheka mpaka wakapiga viti, dereva akalaza kichwa kwenye usukani, na wote walikuwa wakimtazama Bosi, hakuna hata mmoja aliyemtazama binti alipopita nyuma ya baba yake na kukaa dirishani.

Tangu siku hiyo Bosi alikwenda pale kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda. Basi likisimama, kulikuwa na kichwa kinachotoka dirishani.

“Bosi, kuku yupo?”

“Yupo. Amepumzika. Ni wa safari ndefu.”

Wakacheka, wakamcheka yeye, na basi likaondoka na binti yake ndani, likafika kabla ya kengele. Wiki zikapita, kelele zikapungua, na mwalimu mkuu hakuita mtu tena. Nafasi haikupewa mwingine.

Dobi alipita hapo kila asubuhi akienda kazini na beseni lake. Alimkuta mumewe amesimama kando ya barabara na joho chafu, mtu mzima anayezomewa na watoto na anawajibu, akatafuta kitu cha kumdharau. Viatu vyake vilikuwa vimeisha upande. Kola imekunjamana. Vilikuwepo vitu, lakini havikutosha kama zamani, na jambo hilo lilimkera.

Asubuhi moja basi lilichelewa kuondoka, akafika na yeye likiwa bado limesimama. Binti alikuwa dirishani. Dobi aliweka beseni chini na kuinua mkono. Binti alitoa wake nje, mkono mkavu, wenye wino kidoleni, akampungia baba yake mpaka basi likakata kona. Mkono wa dobi ulikuwa bado uko hewani. Akautumia kujikuna shingo, akachukua beseni lake, akaenda kufua.